Vidole vya Somoe

Nyuma ya risiti ya salfa nimepiga hesabu
kwa kalamu ya ghalani, wino unakatika katika:
gitaa la mtumba, elfu sabini, kwa Mchopa fundi redio.
Tumbo lina ufa uliozibwa kwa gundi ya viatu.
Uzi wa sita hakuna; amefunga waya wa breki ya baiskeli
akaapa kwamba sikio halitajua.
Sikio lilijua. Mfuko ukajifanya haujui.
Nikalibeba.

Kumbe hapo ndipo palikuwa rahisi. Kazi ni mwalimu.

Fulgensi wa kwaya anataka elfu kumi kwa saa,
na saa yake ina dakika arobaini,
maana anaanza na sala na kumalizia na matangazo.
Nilikwenda siku moja tu, kuonja.
Akasema, "Kuna kodi tatu za kuanzia."
Nikauliza kama mlinzi wa ghala naye anatozwa.
Hakucheka.
Elfu kumi, na mtu hata hacheki!

Kwenye simu wamejaa walimu wa bure,
ila bure yao inatafuna bando kama mbuzi kwenye mihogo.
Kijana mmoja aliinua kidole,
akasema, "Sasa hapa tazama kwa makini,"
kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka,
na kile kidole kiko juu mpaka leo.

Kitabu nilikiokoa kwa muuza karanga.
Kurasa za katikati alishazifungia wateja,
kwa hiyo najua namna ya kulishika gitaa
na najua namna ya kumaliza wimbo.
Yaliyo baina yake, Newala nzima imeyala.

Binamu yangu Dadi angenifundisha kwa kibuyu cha uraka,
lakini masomo ya Dadi huanza kibarazani
yakaishia mtaroni.

Basi nikachagua usiku.
Ghala namba mbili, magunia yamelala hadi darini,
ukungu umepanda kutoka bonde la Ruvuma
ukakaa juu ya mabati kama mtu aliyekuja kudai.
Tochi, filimbi, rungu, gitaa.
Nabonyeza, uzi unaingia nyamani.
Wiki ya tatu hata tonge la ugali nililiona lina makali.
Na hiyo kodi ya F, ewe ndugu yangu,
hiyo ni kodi kweli: unalipa, na bado unadaiwa.

Asubuhi moja Somoe alikuwa uani anabangua korosho,
moshi machoni, gongo mkononi.
Alinisikiliza ninavyokwaruza. Akasema, "Hebu."
Akafuta mikono kwa majivu, akakaa juu ya kinu kilicholala,
nikamwonyesha: hiki hapa, hiki hapa, hiki lala chali.

Miaka kumi na minane mafuta ya ganda yamekula ngozi ile.
Siku ya vitambulisho mashine ilimrudisha mara tatu,
karani akasema mbele ya foleni,
"Mama, wewe huna vidole."
Alirudi nyumbani akapika, hakusimulia;
nililisikia kwa jirani.

Vidole hivyo ambavyo hana vikashuka juu ya nyuzi,
havikusita, havikuvuja damu,
na F ikatoka nzima.
Hata waya wa breki ulitii.
Sote wawili tukanyamaza.
Korosho ikaungua kidogo.

Sasa gitaa linalala nyumbani.
Kwenye risiti nimeongeza mstari mmoja:
uzi wa sita, wa kweli, elfu mbili na mia tano.
Ada ya mwalimu wangu ni beseni moja kila asubuhi,
nibangue mimi, yeye apige.
"Ukimaliza magunia mawili," anasema,
"nawe utaota vidole."

Usiku naenda lindoni na rungu.
Ikifika saa nane, ghala likiwa kimya,
nalishika shingoni,
nabonyeza mti
pale alipobonyeza.